Barua ya wazi kwa mnaopanga ratiba za vituo vya utamaduni wa India: wekeni Kiswahili, mama zetu wapo ukumbini

Shikamooni kwa mnaostahili shikamoo, na wengine wote habari za kazi. Naandika kwa nyie mnaokaa mezani na kuamua mwezi huu itaonyeshwa sinema gani, ataletwa mwalimu gani wa dansi, profesa gani ataongea Alhamisi jioni, kwenye vituo na kumbi za utamaduni wa India huku pwani kwetu, viwe vya ubalozi, viwe vya jumuiya, viwe vya watu waliojichanga tu. Sitaji kituo wala mtu, sijaja kumharibia mtu kazi yake. Nimekuja na ombi moja, na mtanivumilia nitalizungusha kidogo maana limenikaa rohoni tangu ile Jumamosi niliyompeleka mama.

Mama yangu kakulia Tanga, Ngamiani, na ukimuuliza habari za usichana wake hakutajii shule, anakutajia jumba la sinema la Majestic. Jumapili watu wamejaa mpaka barabarani, tiketi zinalanguliwa, yeye na dada zake wamevaa kanga mpya wanaingia kumtazama Nargis, akilia na wao wanalia naye, wanatoka macho mekundu halafu wiki inayofuata wanarudi kuitazama sinema ileile. Leo ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, hatoki sana. Sasa nilipoona tangazo kwamba kuna sinema ya Raj Kapoor na Nargis, Awaara, ile ya 1951, bure, wote mnakaribishwa, nilimpigia simu saa hiyohiyo.

Tulifika mapema. Mapokezi yalikuwa mazuri sana, lazima niseme, chai ya maziwa yenye iliki, bajia za moto, dada wa mapokezi akamshika mama mkono mpaka kwenye kiti cha mbele. Taa zikazimwa. Sinema inaongea Kihindi, chini maandishi ya Kiingereza, mama Kiingereza hajui, na hata angekijua yale maandishi yalikuwa madogo na yanapita mbio. Lakini ulipoanza wimbo nikasikia sauti pembeni yangu, mama anaimba. Anaimba pamoja na skrini, neno kwa neno, Kihindi ambacho hakufundishwa na mtu yeyote, zaidi ya miaka hamsini baadaye. Nikamtazama, vidole vyake vinapiga tabla kwenye mkono wa kiti.

Nyuma yetu walikaa wasichana wawili wa sekondari, bado na sare zao, na walishaanza kuchoka, mmoja yuko kwenye simu. Yule mwingine akainama akamuuliza mama kwa sauti ya chini, bibi, kwani huyu kafanya nini? Mama akageuka akaanza kuwaelezea. Huyu kijana baba yake ni hakimu ila hakimu mwenyewe hajui kama huyu ni mwanawe, alimfukuza mkewe akiwa na mimba kwa sababu ya maneno ya watu, mtoto kakulia uswahilini kawa mwizi, na huyu dada ni wakili, ndo anamtetea. Simu ikazimwa. Wasichana wakavuta viti mbele, na watu wa pembeni nao wakaanza kusogeza masikio, mzee mmoja akadakia, eeh na yule jambazi ndo aliyepanga yote! Yaani kwa dakika kumi hivi ule ukumbi ulikuwa Majestic.

Kisha akaja kijana wa kituo, kwa adabu kabisa, akachuchumaa, akasema mama samahani, tunaomba tusiongee wakati filamu inaendelea. Mama akanyamaza. Akashika pindo la kanga yake akawa analizungusha kwenye kidole, hivyohivyo mpaka mwisho. Wale wasichana waliondoka kabla hakimu hajaujua ukweli.

Simlaumu yule kijana, kaambiwa asimamie utulivu na kausimamia. Nawaambia nyie mliopanga, kwa sababu mtu aliyekuwa anaifanya kazi ya kituo cha utamaduni jioni ile alikuwa ni mama yangu, na ndiye aliyenyamazishwa. Ombi langu ndo hilo sasa: wekeni Kiswahili. Kwenye skrini, kwenye maiki, kwenye karatasi ya ratiba, kila jioni, na sio salamu ya "karibuni sana" mwanzoni halafu basi.

Najua kuna atakayesema Kiingereza ndo lugha ya wote. Kwa nani? Nendeni Magomeni, nendeni Mombasa Majengo, nendeni Ng'ambo kule Unguja, mkamtafute mtu asiyejua jina hata la mwigizaji mmoja wa Kihindi, mtatembea sana. Halafu mtafuteni wa kukaa saa tatu anasoma Kiingereza kwenye kiza. Hao watu ni wawili tofauti, na nyie mmechagua kumwalika wa pili tu. Na nyie mnatoka nchi ambayo katiba yake ina lugha 22 kwenye orodha, sinema ikitengenezwa Kitelugu au Kitamil haitulii mpaka itiwe sauti ya Kihindi, na ya Kihindi nayo inarudishwa kusini kwa sauti zao. Hakuna watu duniani wanaojua vizuri kuliko nyie kwamba sinema lazima iongee lugha ya aliyekaa kwenye kiti. Mkivuka bahari mnasahau kwa nini?

Nilimuuliza mama enzi zile mlikuwa mnaelewaje na hakukuwa na maandishi ya Kiswahili. Akanishangaa. Kasema mtaani kulikuwa na Wahindi, na wewe una shoga yako wa Kihindi, anakusimulia. Kama huna, basi yupo aliyeiona jana, anakaa katikati yenu anawaambia kinachokuja. Na maneno mengine unayadaka mwenyewe, duniya si dunia, safar si safari, khabar si habari, waqt si wakati, mohabbat si mahaba, kitab si kitabu. Wimbo wa mapenzi ukishashika maneno matano kama hayo na sura ya Nargis ipo mbele yako, unakosa nini? Mimi nimesoma mpaka chuo na sijawahi kuyapanga hayo maneno pamoja hivyo, yeye kayapanga akiwa anachambua mchele.

Baadaye zikaja video na vibanda umiza, na hapo watu wetu wakabuni kitu ambacho natamani mtu wa ratiba akikae akifikirie vizuri. Akina Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro kule Kenya, mtu anashika maiki, anapunguza sauti ya sinema na kuisimulia yote kwa Kiswahili, anamwigiza baba mkali, anamwigiza mama anayelia, anaongeza methali, anamwambia stelingi "kimbia weye!", kibanda kizima kinacheka na kulia pamoja. Kwa njia hiyohiyo filamu za Kihindi zimeingia kwenye nyumba ambazo hakuna mtu aliyewahi kufika mjini. Sa hivi kwenye ving'amuzi kuna tamthilia za Kihindi zenye sauti za Kiswahili, na bibi kijijini anajua ugomvi wote wa mama mkwe wa huko kuliko ugomvi wa jirani yake. Kwa hiyo hadhira mnayoihangaikia ipo na imefundwa siku nyingi. Mwalikeni mtafsiri mmoja wa filamu jioni moja, mpeni maiki yenu nzuri na spika zenu nzuri, na matangazo yawekwe kwa Kiswahili huko mitaani, halafu mhesabu viti.

Na nyimbo, tafadhali, zitafsirini. Hili limenikera hata kwenye filamu ninazotazama mwenyewe nyumbani, watu wanaongea kuna maandishi, wimbo ukianza maandishi yanakatika kama vile hapo hakuna kinachosemwa. Wakati wimbo ndo sinema yenyewe! Mashairi mengi ya nyimbo za zamani yaliandikwa na washairi haswa wa Kiurdu na Kihindi, watu wa vina na mizani, na sisi huku tuna malenga, kazi ya kuchukua ushairi wao kuutia kwenye Kiswahili ni karamu kwa malenga yeyote. Mombasa hilo walishalifanya kwa njia yao. Juma Bhalo, aliyetutoka 2014, alikuwa anachukua tuni ya sinema ya Kihindi anaiwekea shairi la Kiswahili, anapiga harmoniamu, watu wanatunza mpaka noti zinaanguka chini, na harusi za pwani nzima zimeimbwa na kanda zake. Kwa nini kusiwe na usiku mmoja, tuni moja, kwanza aimbe mtu wa Kihindi na maneno yake ya asili, halafu kikundi cha taarabu kiimbe ya kwetu, na katikati mtu mmoja atueleze yule mshairi wa kule alisema nini na huyu wa huku alijibu nini?

Mnamkumbuka Siti binti Saad. 1928 alisafiri na wenzake kutoka Unguja mpaka Bombay kurekodi santuri. Mwanamke wa Kiafrika, mtoto wa familia ya kitumwa iliyokuwa inafinyanga vyungu huko Fumba, anavuka bahari nzima, anaingia studio Bombay, anaimba Kiswahili. Kampuni iliyomrekodi ilijua kwamba ile santuri itanunuliwa na watu wanaoongea Kiswahili kwa hiyo ikarekodi Kiswahili, basi, hakuna aliyemwambia aimbe kwa lugha nyingine ili aeleweke kimataifa. Karibu miaka mia imepita na mimi naomba jambo ambalo Bombay ililifanya bila kuombwa. 2028 itakuwa miaka 100 kamili ya ile safari, na ninavyowajua watu wa ratiba mwaka mmoja ni kesho, anzeni kulifikiria hilo leo.

Sasa mihadhara. Hapa nina jambo la pili lililoniuma, nalo sio la kituo kilekile. Alikuja profesa kuongea juu ya biashara ya majahazi kati ya Gujarat na pwani yetu, msomi kweli, picha nzuri, ramani, saa nzima na nusu kwa Kiingereza. Ukumbini alikuwepo mzee mmoja fundi wa majahazi, kaja na kofia yake safi, kakaa nyuma. Saa nzima zinaongelewa pepo za kaskazi na kusi, ila hazitajwi kwa majina hayo, na mtu pekee mle ndani aliyewahi kungoja kusi ianze ili tanga lipandishwe amekaa kimya hajui kama ndo zinaongelewa. Ulipofika wakati wa maswali akanyoosha mkono, akaanza "Mimi nilitaka kumuuliza mwalimu...", msimamizi akamwambia mzee tunaomba kwa Kiingereza kama inawezekana, ili mgeni aelewe. Akasema aa basi, akakaa.

Nilimfuata nje nikamuuliza, babu ulitaka kuuliza nini. Akaniambia, nilitaka kujua hao mafundi wa Mandvi, kule Gujarat, bado wanakalafati, yaani wanaziba nyufa za mbao, kwa pamba kama sisi? Na ubaoni wanapaka sifa, yale mafuta ya papa, au siku hizi wanapaka rangi ya dukani? Kwa sababu babu yake alimwambia kwamba ile namna ya kupanga mataruma, zile mbavu za chombo, waliifuata kwa fundi Mhindi, na yeye miaka yote amekuwa akitaka kumwona mtu wa huko amuulize. Fikirieni. Mandvi mpaka leo wanaunda vyombo vya mbao kwa mkono pale mtoni, profesa katoka huko na picha zake, anayetaka kujua yupo hatua ishirini kutoka kwake, na kilichokosekana ni mtu mmoja wa kutafsiri. Mmoja! Dar kuna TATAKI, taasisi ya Kiswahili pale Chuo Kikuu, wanafundisha tafsiri na ukalimani, Zanzibar kuna chuo kikuu cha SUZA na baraza la Kiswahili, BAKIZA, vijana wanahitimu kila mwaka wanatafuta pa kufanyia mazoezi, hamkosi mtu.

Na kama mnatafuta mada, mada zipo tele na mlizonazo nyie wenyewe. Leteni mtu wa Gujarat atuambie habari za Masidi, watu wenye asili ya Afrika walioko huko karne na karne, ambao kwenye ziara ya Bava Gor kule Ratanpur wanapiga ngoma na dansi yao wanaiita goma, neno ambalo mtoto yeyote wa huku atalijua bila kamusi. Msikiti wa Sidi Saiyyed pale Ahmedabad, wa 1573, lile dirisha la jiwe lililochongwa kama mti mpaka linaonekana kama lesi, umebeba jina la Mhabeshi. Malik Ambar, mtoto wa Habesha aliyeuzwa utumwani akaishia kuongoza jeshi na dola kule Deccan, nyanda za kusini mwa India, akawatoa jasho wafalme wa Mughal mpaka alipofariki 1626. Ni watoto wangapi wa shule huku wamewahi kusikia jina lake? Mimi nilikutana nalo nikiwa mtu mzima na nilikasirika, yaani nilikasirika kweli, kwamba nilisomeshwa habari za kila mfalme wa Ulaya na huyu hapana. Mhadhara mmoja wa Malik Ambar kwa Kiswahili fasaha, Jumamosi asubuhi, shule kumi zialikwe, ungefanya kazi kuliko makongamano mangapi.

Kanga pia. "Mali ya Abdulla" imeandikwa kwenye kanga za mama zetu tangu hatujazaliwa, na hiyo ni alama ya mfanyabiashara wa Kihindi pale Mombasa, na kanga ngapi zimechapwa India zikaja kuvaliwa huku na methali zetu juu yake. Maonyesho ya kanga yasiwe vitambaa vimetundikwa ukutani na kadi za Kiingereza. Waiteni wanawake waje na za kwao za kabatini, kila mmoja aseme jina la kanga yake, lile andiko la pale chini, na siku aliyoivaa.

Kuhusu dansi sitasema mengi, madarasa yenu ya kathak ni mazuri na binti wa jirani yangu anasoma huko, anarudi na njuga miguuni anatupigia hesabu sebuleni. Ila siku ya onyesho watu wanaona mikono inaenda na kurudi hawajui ni ua au ni mshale au ni mtu anamsubiri mpenzi wake. Mwalimu asimame dakika tano kabla aonyeshe ishara moja moja na mtu amtafsirie, inatosha kabisa.

Gharama najua ndo mtauliza. Maandishi ya Kiswahili ya filamu ni faili tu la maneno na dakika zake, linatengenezwa kwa programu ya bure, filamu yenyewe haiguswi, mnaomba ruhusa kwa mwenye haki kama mnavyoomba ya kuionyesha. Filamu ya karibu saa tatu ina mistari zaidi ya elfu moja, vijana wanne wazuri na mhariri mmoja makini wanaimaliza ndani ya wiki chache, na ikishatengenezwa inabaki, Mombasa wataitumia, Unguja wataitumia, Lamu wataitumia, hata Wazanzibari walioko Maskati wataiomba. Anzeni na filamu sita kwa mwaka. Sio lazima ziwe za zamani tu, na sio lazima ziwe za Bombay tu, kuna za Kimalayalam kutoka Kerala za watu wa kawaida, wavuvi, walimu, familia zinazogombania shamba, ambazo mtu wa Bagamoyo akiziona atadhani zimepigwa kwao, minazi ileile, mitumbwi ileile.

Na tarehe ipo tayari. Juni 21 kila mwaka mnajaza viwanja kwa Siku ya Yoga, mabango, fulana, mpaka mawaziri wanakuja kujinyoosha. Siku kumi na sita baadaye ni Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO waliipitisha 2021. Mtu wa ratiba haoni hapo? Viti vimeshakodiwa, spika zipo, watu wameshajua njia ya kuja kwenu. Julai 7 mwaka huu onyesheni sinema moja tu ya Kihindi yenye Kiswahili chini, nyimbo zake zote zimetafsiriwa, na sinema ikiisha watu waachwe waongee kwa lugha yao, hata kama mkurugenzi ndo atahitaji mkalimani jioni hiyo.

Msinielewe vibaya kwamba nadharau mnachofanya. Kwenye miji yetu mahali ambapo mtu asiye na hela anaweza kukaa kwenye kiti safi akaona kitu kizuri bure ni pachache sana, majumba yetu ya sinema mengi yamegeuka maduka, makanisa, magodauni, mengine yanaangukia ndani. Nyie mna projekta, mna ukumbi, mna hazina ya sinema isiyo na mwisho nyuma yenu. Ndo maana naandika kwenu, pengine pote hakuna wa kumwandikia.

Juzi mama kaniuliza, vipi, hawajaweka sinema nyingine? Nikamwambia bado, ila nawaandikia barua waweke Kiswahili. Akanyamaza kidogo, halafu akasema waambie kama hayo maandishi yanachelewa wasingoje, mimi hadithi zote nazijua, wanipe maiki na kiti chenye mgongo, watoto nitawaelezea mwenyewe.

Namba yake nitawapa mkinijibu.